Kanisa Lililobaki Kwenye Shaba

Ukitaka kuona ndani ya kanisa kuu la St Paul's la zamani, London, lazima upitie kwa Wenceslaus Hollar. Michoro yake ilitoka 1658 kwenye kitabu cha William Dugdale, enzi zile za Baroko, na jengo lenyewe halipo tena.

Hollar alikuwa, kwa lugha yetu, mtu wa vibarua. Alizaliwa Prague 1607. Tajiri mmoja, Earl wa Arundel, akamleta Uingereza, kisha vita vya Mfalme na Bunge vikazuka. Tajiri akahama, Hollar naye akaenda Antwerp, akarudi 1652 kuanza upya. Alilipwa kwa saa. Inasimuliwa kwamba aliweka saa ya mchanga mezani, na mtu akija kumpigisha stori, aliilaza ubavu mchanga usimame. Yaani hakutaka kumla mteja hata dakika. Sisi tunaolipwa kwa neno tunamwelewa kabisa.

Na si kazi ya haraka. Unapaka bamba la shaba nta, unachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, halafu asidi inakula ile mistari pekee. Ukishatia wino na kubana karatasi juu yake, picha inatoka imegeuka. Kwa hivyo nguzo ya kushoto uliichora kulia. Sasa fikiria kanisa zima hivyo, nguzo kwa nguzo.

Dugdale alikuwa na sababu ya kuharakisha. Mnara uliochongoka juu ya kanisa ulichomwa na radi 1561 na haukurudishwa. Wakati wa vita, askari waligeuza ukumbi kuwa zizi la farasi. Kwenye bamba moja Hollar aliandika kwa Kilatini kwamba anahifadhi kumbukumbu ya kanisa ambalo kuanguka kwake kunangojwa kila siku. Wengine wataona majivuno hapo. Mimi naona risiti.

Miaka minane baadaye, Septemba 1666, ule moto mkubwa wa London ukafika. Kanisa lilikuwa limezungukwa na mbao za mafundi waliokuja kulikarabati, jamani. Madini ya risasi ya paa yakayeyuka, yakatiririka barabarani. Wauza vitabu walikuwa wameficha mali yao chini ya kanisa wakidhani ni salama. Ikateketea yote.

Lile lenye kuba kwenye kadi za posta ni la Christopher Wren, lilikuja baadaye.

Hollar aliacha picha zipatazo 2,700. Alikufa 1677 akiwa maskini. Inasemekana madalali walifika kubeba vyombo vyake, naye akawaomba wamwachie kitanda mpaka amalize kufa.