Mstari mwekundu kwenye kipimo cha malaria ni dhahabu kweli

Mfanyabiashara wa Mlandege amekwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, akarudi na boti. Siku kumi baadaye homa inampanda. Kituo cha afya wanamtoboa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha haraka, na ndani ya dakika 15 hadi 20 jibu lipo.

Kinachochora jibu hilo ni dhahabu.

Kinafanyaje kazi?

Ndani ya kipimo mna utepe wa karatasi wenye chembe za dhahabu za makumi machache ya nanometa. Nanometa 1 ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haing'ai njano kama ya sonara, inaonekana nyekundu.

Chembe hizo zimebeba kingamwili zinazonasa HRP2, protini inayotolewa na Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta malaria nyingi Tanzania. Kama protini hiyo imo kwenye damu, inashikana na dhahabu, zinatambaa pamoja kwenye karatasi na kunaswa kwenye alama ya T. Zikirundikana, jicho linaona mstari.

Namna ya kusoma

- Mistari C na T: malaria ipo, hata kama T imefifia.
- C peke yake: malaria haijaonekana.
- C haipo: kipimo kimeharibika, kirudiwe.

Kinakwama wapi?

Vimelea vikiwa vichache sana, kipimo kinaweza kuvikosa. Zanzibar hilo si dogo. Dawa mseto zilizoanza kutolewa 2003, vyandarua na upuliziaji dawa majumbani viliishusha malaria hadi chini ya asilimia 1 ya watu. Sasa mtu mmoja aliyekoswa na kipimo anatosha kuwa chanzo: mbu anamuuma yeye, kisha anamuuma jirani.

Kinyume chake, HRP2 inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona, na mstari wa T ukatokea bado. Na huko Eritrea vimepatikana vimelea visivyotoa kabisa HRP2, ambavyo kipimo cha aina hii hakivioni.

Kwa hiyo ukienda kupima, mwambie daktari umetoka wapi na lini, na kama umemaliza dozi karibuni. Kama umeona C tu na homa bado ipo, usikae nyumbani. Rudi ukapimwe tena.