Wanja, Pikseli na Mwanga: Historia ya Kumrembesha Mwanamke wa Gemu

Mwaka 1982, kampuni ya Midway ya Marekani ilipeleka mashine mpya kwenye kumbi za michezo. Nyota wake alikuwa duara la manjano lenye mdomo unaofunguka na kujifunga, lisilo na shingo, lisilo na mikono. Jina lake Ms. Pac-Man. Kilichomtenga zaidi na Pac-Man wa kiume kilikuwa utepe mwekundu kichwani, rangi ya mdomo na kidoti shavuni. Vifute vitu hivyo vitatu, na kinachobaki ni karibu Pac-Man yule yule.

Waliombuni walikuwa vijana wa General Computer Corporation, kampuni ndogo ya jimbo la Massachusetts. Walikuwa wameutengeneza mchezo wao kwa jina la Crazy Otto, kisha wakauuza kwa Midway. Mchoro mmoja wa awali ulimpa bibie nywele ndefu nyekundu, lakini Masaya Nakamura, mkuu wa Namco ya Japani iliyokuwa na haki za Pac-Man, akataka nywele ziondolewe. Zikaondolewa. Lipstiki ikabaki.

Uamuzi wa kumpa lipstiki haukutokana na ladha peke yake. Mashine za wakati ule zilikuwa na pikseli chache mno za kuchorea mtu. Mwaka mmoja kabla, Shigeru Miyamoto wa Nintendo alipomchora fundi atakayekuja kuitwa Mario katika Donkey Kong, alimpa masharubu kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuonyesha mdomo, na akamvika kofia ili asihangaike na nywele. Mwanamume alipewa masharubu, mwanamke akapewa lipstiki. Vyote viwili vilikuwa alama za kumsaidia mchezaji atambue mtu ndani ya vidoti kumi na kitu.

Hali haikubadilika sana mashine zilipoingia sebuleni. Kwenye mtambo wa nyumbani wa Nintendo wa miaka ya 1980, kila kipande cha mhusika kiliruhusiwa rangi tatu tu. Mchoraji aliyetumia moja kwa ngozi na moja kwa nguo alibaki na moja ya nywele. Wekundu wa mashavu ungetoka wapi? Katika Metroid ya mwaka 1986 uso wenyewe ulifichwa: Samus Aran alipigana mchezo mzima ndani ya vazi la chuma, na wachezaji waliomaliza upesi ndio waliogundua mwishoni kwamba shujaa wao alikuwa mwanamke.

Miaka kumi baadaye akaja Lara Croft. Alizaliwa mjini Derby, Uingereza, katika studio ya Core Design, kwa ubunifu wa Toby Gard, na Tomb Raider ya mwaka 1996 ikampa mwili wa pande tatu. Lakini uso wake ulikuwa umeungwa kwa vipande vichache bapa vyenye pembe, na macho, nyusi na midomo vilikuwa picha iliyobandikwa juu yake. Vipodozi vyake na uso wake vilikuwa mchoro mmoja, na mchezaji hakuwa na uwezo wa kuvitenganisha. Aliyeshika brashi alikuwa mchoraji wa studio, na mara nyingi mchoraji huyo alikuwa mwanamume.

Tatizo hili la chombo kuamuru vipodozi, watu wa sinema walikuwa wamekutana nalo mapema zaidi. Filamu za rangi za Technicolor ziliposhika kasi katika miaka ya 1930, vipodozi vizito vya mafuta vilivyozoeleka Hollywood viling'aa vibaya mbele ya kamera. Max Factor, mtaalamu wa vipodozi mwenye asili ya Poland, akaleta poda iliyokandamizwa iitwayo Pan-Cake, iliyotumika katika filamu ya Vogues of 1938. Kamera ilikuwa imebadilika, na vipodozi vikalazimika kuifuata.

Upande wa picha za mnato kulikuwa na doa jingine. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Rangi zikimkaa yeye vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Aliyekuwa mweusi tii akipigwa picha pamoja na mweupe, mara nyingi alitoka meno na macho tu. Malalamiko yaliyoisukuma Kodak kuboresha rangi za hudhurungi yalijumuisha ya watangazaji wa chokoleti na wa samani za mbao.

Gemu zilirithi mazoea hayo ya kupima, lakini zilileta jambo ambalo sinema haikuwa nalo: zilimkabidhi mtazamaji sanduku la vipodozi. The Sims ya mwaka 2000 ilimruhusu mchezaji kuchagua sura iliyokwisha kutengenezwa, na ngozi za kuchagua zilikuwa tatu: nyeupe, ya kati na nyeusi. The Sims 2 ya mwaka 2004 ikaongeza rangi ya kope, wanja, wekundu wa mashavu na lipstiki, kila kimoja kikichaguliwa peke yake. Mwaka 2007 studio ya BioWare ya Kanada ikatoa Mass Effect, ambamo kamanda Shepard anaweza kuwa mwanamume au mwanamke. Aliyemchagua mwanamke alikuta sehemu nzima ya vipodozi: rangi ya midomo, ya kope na ya mashavu, hata kwa askari anayekwenda kupigana kwenye sayari za mbali.

Hapo ndipo kumrembesha mhusika kulipogeuka kazi ya saa nzima. Wachezaji wakaanza kupeana siri za kutengeneza nyuso. Mwaka 2011 BioWare iliwapigisha kura mashabiki kwenye Facebook wamchague Shepard wa kike atakayetangazwa rasmi. Mwenye nywele za manjano alipoongoza, zogo likazuka, ikabidi kura ya pili ipigwe juu ya rangi ya nywele, na nyekundu ikashinda.

Kero kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa mwanga. Dragon Age: Inquisition ya mwaka 2014 ilimweka mchezaji kutengeneza uso chini ya mwanga wenye ukijani, unaolingana na ufa wa kichawi ulio angani katika hadithi yenyewe. Lipstiki iliyoonekana tulivu pale iling'aa kupita kiasi kwenye mandhari ya mchana, na ngozi iliyopendeza ikageuka ya mtu mwingine. Ni sawa na bibi harusi aliyepodolewa chumbani kwenye taa ya manjano, kisha akatoka nje jua la saa saba. Mei 2015 BioWare ikatoa bure nyongeza ya Black Emporium, ndani yake mkiwa na kioo cha kubadilishia sura bila kuanza mchezo upya. Mwaka 2024, katika Dragon Age: The Veilguard, studio hiyo ilimruhusu mchezaji kumtazama mhusika katika mazingira mbalimbali ya mwanga, ukiwamo wa mchana na wa usiku, kabla hajaondoka kwenye kioo.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni gumu, inafaa kujua kompyuta inavyopaka. Kwa kawaida kipodozi cha gemu ni tabaka jembamba la picha juu ya picha ya ngozi, lenye rangi yake, kiwango chake cha kufunika na kiwango chake cha kung'aa. Kompyuta huchanganya matabaka hayo, kisha hukokotoa mwanga unavyoyapiga. Waridi hafifu linaloleta haya tamu kwenye shavu jeupe, likitandazwa kwa kiwango hicho hicho juu ya shavu jeusi, huchanganyika nalo likatoa kijivu. Uso unapauka kama wa mtu aliyeamka na homa. Rangi ile haina kosa, ila ilijaribiwa juu ya ngozi moja ikauzwa kwa wote.

Ngozi yenyewe nayo ina historia yake katika hesabu za kompyuta. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake walichapisha njia ya kukokotoa mwanga unavyopenya kitu kama maziwa, marumaru au ngozi, ukatawanyika ndani na kutokea mahali pengine. Njia hiyo iliondoa sura ya plastiki kwenye nyuso za kompyuta. Mwaka 2020 Theodore Kim, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale aliyewahi kufanya kazi Pixar, aliandika makala kali akidai kwamba taaluma yake iliutukuza mng'ao huo wa ndani, unaoonekana zaidi kwenye ngozi nyeupe, na kuuita sifa ya ngozi ya binadamu kwa jumla. Katika ngozi nyeusi, kinachoonekana zaidi ni mwanga unaoakisiwa juu juu: mstari wa mng'ao kwenye mfupa wa shavu, kwenye paji la uso, kwenye bega. Mhusika mweusi asiyepewa mng'ao huo huonekana kama kivuli, na vipodozi vya kumwokoa havipo.

Wachezaji weusi hawakungoja wanasayansi. The Sims 4 ilipotoka mwaka 2014, wengi walilalamika kwamba ngozi nyeusi zilikuwa chache na zenye kijivu. Mmarekani Amira Virgil, anayejulikana mtandaoni kama Xmiramira, alitengeneza mwenyewe ngozi za ziada zilizoitwa Melanin Pack na kuwagawia wachezaji wenzake. Desemba 2020 wenye mchezo wakaongeza rangi za ngozi zaidi ya 100, pamoja na vitelezi vya kurekebisha ngozi na vipodozi. Kwa mara ya kwanza katika mchezo huo, mwenye rangi ya maji ya kunde na aliye mweusi tii waliweza kuisogeza lipstiki ile ile mpaka ikawakaa.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kukumbuka mfano mmoja hasa. Katika Resident Evil 5 ya Capcom, iliyotoka mwaka 2009, hadithi inatokea Kijuju, eneo la kubuni barani Afrika. Maadui huitwa Majini, na wanakijiji hupiga kelele kwa Kiswahili. Shujaa wa kike ni Mwafrika, Sheva Alomar. Tangu vionjo vya kwanza vya mwaka 2007 mchezo huo ulishutumiwa kwa namna ulivyowaonyesha Waafrika, na Sheva mwenyewe alijadiliwa kwa weupe wa ngozi yake mbele ya wanakijiji. Moja ya mavazi yake ya ziada liliitwa la kikabila: madoa ya chui mwilini na rangi za kujichora kwenye ngozi. Lugha iliazimwa kwa watu halisi, ila urembo wa Sheva haukutoka pwani wala bara. Binti wa Lamu au wa Ujiji, mwenye wanja machoni na hina mikononi, asingejitambua pale.

Si kila mtu alifurahia urembo huo kuwa kitambulisho cha jinsia. Mwaka 2013 mkosoaji Anita Sarkeesian alitoa video iliyochambua tabia ya kumchukua mhusika wa kiume, kumpaka lipstiki, kumfunga utepe na kumwita mwanamke. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanaume huhesabiwa kuwa mtu wa kawaida, na mwanamke kuwa toleo lake lililopambwa. Mwaka 2021 ugomvi ukageuka upande wa pili. Studio ya Guerrilla ya Amsterdam ilipoonyesha Horizon Forbidden West, baadhi ya wanaume walimlaumu Aloy, mwindaji wa nyikani, kwa kukosa urembo, na picha yake iliyotiwa vipodozi ikasambazwa kama masahihisho. Wengine waliudhiwa na vinyweleo laini kwenye mashavu yake, vinyweleo ambavyo kila mwanamke anavyo.

Wakati huo huo sanduku la vipodozi limeacha kuwa la wanawake peke yao. Katika Inquisition mwanamume aliweza kupakwa wanja. Katika Elden Ring ya mwaka 2022 na Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, vipodozi viko wazi kwa kila mwili. Barani Afrika, studio ya Kiro'o ya Kameruni ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, ambamo Erine Evou, mke wa shujaa, amechorwa na wachoraji ambao ngozi yake ni yao.

Miaka arobaini na zaidi tangu utepe ule mwekundu, historia hii inatoa hukumu moja: kipodozi kinachompendeza mwanamke wa gemu huamuliwa na mwanga na ngozi kabla hakijaamuliwa na ladha. Anayetengeneza mhusika leo na aanze na rangi ya ngozi, ndipo aende kwenye midomo. Amgeuze pembeni aone mfupa wa shavu unavyong'aa. Kwa mweusi, zambarau, damu ya mzee na rangi ya matofali hukaa vyema kuliko waridi hafifu, na wekundu wa mashavu uongezwe kina badala ya weupe. Mchezo ukiruhusu kubadilisha mwanga, aujaribu wa mchana na wa usiku. Usiporuhusu, ahifadhi mhusika, acheze mpaka atoke nje juani, kisha arudi kurekebisha. Na vijana wanaotengeneza gemu Nairobi, Dar es Salaam na Kampala waanze majaribio yao ya mwanga kwa uso mweusi, kwa sababu wachezaji wao wa kwanza ndio wenye uso huo.