Kipunji na Mashahidi Wake

Mnamo Januari 2003 Wanyakyusa waishio chini ya Mlima Rungwe waliwasimulia watafiti wa wanyamapori habari za kima mwenye haya, aitwaye kipunji. Watafiti walisitasita, kwani katika masimulizi ya huko wanyama wa kweli na wa mizimu huchanganyika. Lakini hawakupuuza. Waliuliza tena, wakaingia msituni, na kabla ya mwaka kwisha wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2005 Tim Davenport, Noah Mpunga, Sophy Machaga na wenzao, pamoja na kundi jengine lililomkuta katika milima ya Udzungwa, walimtangaza katika jarida la Science. Mwaka uliofuata, baada ya kuchunguzwa mzoga wa kipunji aliyenaswa katika mtego wa mkulima, alipewa jenasi yake mwenyewe. Afrika ilikuwa haijapata jenasi mpya ya kima tangu 1923.

Kabla ya hapo, mtu angelitafuta neno hilo katika intaneti asingelipata kitu; na kutopata huko kulikuwa ni ukweli. Leo hatari ni ya namna nyengine: kupata vingi visivyokuwa na asili.

Larry Page na Sergey Brin walipoeleza mtambo wao wa kutafutia mwaka 1998, walikichukulia kiungo cha ukurasa mmoja kwenda mwengine kuwa ni mithili ya ushahidi. Ukurasa wenye mashahidi wengi na wazito ndio uliotangulia. Fikra hii si ngeni kwa mtu wa pwani, aliyezoea kuuliza habari imepokewa na nani kutoka kwa nani. Wenyewe walionya katika makala yale yale kwamba mtambo unaoishi kwa matangazo utawaelemea watangazaji. Mwaka 2000 Google ikaanza kuuza matangazo yanayofuata maneno yanayotafutwa. Waama, onyo lilitangulia biashara.

Tahamaki, mashahidi nao wakawa wa kununuliwa, na kurasa zikaandikwa ili kuuridhisha mtambo, si msomaji. Mwaka 2024 wataalamu wa Leipzig na Weimar walitoa matokeo ya kufuatilia kwa mwaka mzima maelfu ya maswali kuhusu bidhaa katika Google, Bing na DuckDuckGo: kurasa za juu zilikuwa aghalabu zimetengenezwa zaidi kwa ajili ya mtambo na kwa malipo ya mauzo, na maandishi yake yalikuwa hafifu zaidi.

Penye maandishi mengi, hasara hii hustahamilika. Rungwe ni kadhia nyengine. Tukuyu ilikuwa Neu Langenburg zama za Wajerumani. Wanyakyusa waliandikwa Konde na wageni wengi, hata katika kitabu cha Mackenzie cha 1925. Anayeandika "Tukuyu" peke yake hazifikii nyaraka hizo, na mtambo haumwambii kwamba jina limebadilika. Humpa kilicho karibu na chenye wenye kukisukuma. Mzee wa Tukuyu angemuuliza kwanza: unakusudia zama zipi?

Bahati ya kipunji ni kwamba wasimulizi wake hawakufutwa kabisa. Jina lake la kitaalamu ni Rungwecebus kipunji: mlima mbele, na nyuma neno lile lile waliloambiwa watafiti.