Timu ya Gwangju na mpira wa rais

Kila mwaka Siku ya Wakimbizi ya tarehe 20 Juni ikikaribia, mipira mipya inaletwa kambini na sisi tunaanza kubishana. Jirani yangu, mzee mmoja aliyekuwa mwalimu huko nyumbani, hana huruma na mashindano haya. Kwake mpira ni dawa ya usingizi: unapewa mpira ili usiulize habari ya mgao uliopungua wala ya faili lako. Vijana wanamcheka. Mimi sikumcheka, maana nilishasoma habari za nchi ambako serikali ilifanya hivyohivyo, tena mchana kweupe. Nilitaka kumweleza mzee mambo yaliishia wapi.

Mji wenyewe ni Gwangju, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, katika eneo la Jeolla. Mchezo ni besiboli. Kwa wasioujua: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa gongo, akifanikiwa anakimbia kituo kwa kituo mpaka arudi pale alipoanzia, na hapo timu inapata pointi. Mengine utayaelewa ukitazama.

Jeolla ni nchi ya mpunga. Wakati wa utawala wa kijeshi wa Park Chung-hee, viwanda vikubwa vilijengwa zaidi upande wa mashariki, Gyeongsang, kwao Park mwenyewe. Watoto wa Jeolla wakapanda treni kwenda Seoul kutafuta vibarua, na huko walidharauliwa kwa lafudhi yao. Jambo hilo sina haja ya kulieleza sana kwa wasomaji wa gazeti hili. Kila mmoja wetu amewahi kufungua kinywa sokoni akajulikana anatoka wapi.

Park aliuawa Oktoba 1979, na Jenerali Chun Doo-hwan akaanza kujisogeza mpaka juu. Tarehe 17 Mei 1980 utawala wa kijeshi ulienezwa nchi nzima, na wapinzani wakakamatwa, akiwemo Kim Dae-jung, mwanasiasa ambaye Jeolla walimwona kama baba yao. Kesho yake wanafunzi wa Gwangju waliandamana. Askari wa miavuli wakawapiga virungu barabarani, wakampiga na kila aliyepita. Wenye mji wakakasirika. Tarehe 20, madereva wa teksi na mabasi walikusanyika kwenye viwanja vya Mudeung, wakawasha taa na kuelekea katikati ya mji, msururu mrefu wa magari, kuwakabili askari. Kesho yake askari wakafyatua risasi kwenye umati. Wananchi walichukua silaha, jeshi likatoka mjini, na kwa siku chache mji ulijiongoza wenyewe, watu wakipika pamoja na kujitolea damu hospitalini. Alfajiri ya tarehe 27 jeshi lilirudi na vifaru. Raia zaidi ya 150 wanahesabiwa rasmi kuwa waliuawa, na wapo ambao mpaka leo hawajulikani walipo. Kim Dae-jung alihukumiwa kifo, ingawa baadaye adhabu ilipunguzwa.

Shika jina hilo la Mudeung, maana tutalirudia.

Miaka miwili haijapita, Chun, sasa akiwa rais, akaanzisha ligi ya besiboli ya kulipwa. Tarehe 27 Machi 1982, mbele ya kamera za televisheni, alirusha mwenyewe mpira wa kwanza wa ufunguzi jijini Seoul. Wakorea wengi walielewa maana yake: tazameni mchezo, msahau mengine. Hapa mzee wangu anashangilia, hoja yake imepita.

Lakini sikiliza. Ligi iligawanywa kwa maeneo, kila eneo na kampuni yake. Samsung walichukua Daegu, Lotte wakachukua Busan. Jeolla iliangukia Haitai, kampuni ya biskuti na peremende, iliyokuwa ndogo kuliko hao wenzake. Timu ikaitwa Haitai Tigers, na uwanja wake ukawa palepale Mudeung, walipokusanyika wale madereva. Walianza na wachezaji wachache hivi kwamba Kim Seong-han, mwaka huo wa kwanza, alikuwa anarusha na anapiga pia: alishinda mechi 10 kama mrushaji, na bado akaongoza ligi nzima kwa kuwaingizia wenzake pointi. Ni kama kipa wako awe pia mfungaji bora.

Mwaka 1983 akaja kocha Kim Eung-yong, mtu mkubwa wa mwili, wakimwita Tembo. Huyu alizaliwa upande wa Kaskazini, akashuka kusini akiwa mtoto wakati wa vita ya Korea, akakulia Busan. Yaani timu ya watu waliodharauliwa iliongozwa na mtu ambaye hakuweza kurudi kwao. Mwaka huohuo wakachukua ubingwa. Halafu wakauchukua 1986, 1987, 1988 na 1989, mfululizo. Halafu 1991, 1993, 1996, 1997. Mara tisa waliingia fainali, mara tisa walishinda. Mrushaji wao Sun Dong-yeol, mtoto wa Gwangju, alimaliza miaka yake Korea akiwa ameruhusu wastani wa pointi 1.20 tu kwa kila raundi tisa. Waliomfuatilia wanasema wapinzani walikata tamaa wakimwona tu anapasha mwili.

Na jukwaani? Hapo ndipo hesabu ya Chun ilipoharibika. Tigers walikuwa wanavaa jezi nyekundu na suruali nyeusi, na watu walijaa. Gwangju haikuruhusiwa kulia hadharani, kukusanyika makaburini kulikuwa na polisi. Lakini uwanjani watu elfu kadhaa waliweza kukaa pamoja na tiketi mkononi, kisheria kabisa, na kuimba. Waliimba "Mokpo-ui Nunmul", maana yake Machozi ya Mokpo, wimbo wa zamani kutoka wakati wa ukoloni wa Japani, unaoitwa kwa jina la bandari ya Jeolla. Wimbo wa huzuni, jamani, kwenye mechi wanayoshinda! Wengine walipaza sauti wakiita jina la Kim Dae-jung. Serikali nayo haikulala: kwa miaka mingi ratiba ilipangwa ili tarehe 18 Mei timu isicheze nyumbani.

Tena kanuni za ligi zilipeleka mechi za mwisho za fainali uwanja wa Jamsil, Seoul, kwa sababu Mudeung ni mdogo. Lakini Seoul ndiko waliko wale vibarua wa Jeolla. Wakajaza Jamsil, na kwa jioni moja lafudhi yao ikawa ndiyo lugha ya uwanja.

Siwezi kuwapamba tu. Fainali ya 1986 walikutana na Samsung Lions wa Daegu. Huko Gwangju mrushaji wa Samsung alipigwa chupa kutoka jukwaani. Walipohamia Daegu na Tigers wakashinda, mashabiki wa huko walichoma basi la Tigers moto. Chuki ya maeneo ambayo wakubwa waliilea ilipata mahali pa kuwakia, na walioumia ni watu wa kawaida pande zote mbili. Mashirika yanayoandika "mpira huleta amani" kwenye fulana wangepaswa kuijua habari ya lile basi.

Mwaka 1997 mambo yalikuja kwa pamoja. Oktoba, ubingwa wa tisa. Novemba, msukosuko wa fedha Asia nzima, na Haitai ikashindwa kulipa madeni. Desemba, Kim Dae-jung, yule wa hukumu ya kifo, akachaguliwa rais. Watu walimpata rais wao wakati timu yao inakosa mishahara. Wachezaji nyota waliuzwa, Lee Jong-beom akaenda Japani, na 2001 timu ikanunuliwa na kampuni ya magari Kia. Tembo mwenyewe alihamia kwa wapinzani, Samsung ya Daegu, akawapa ubingwa 2002. Hilo nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea.

Chini ya Kia walishinda 2009 na 2017. Kisha 2024, fainali dhidi ya Samsung tena, na safari hii mechi ya mwisho ikachezwa Gwangju, mara ya kwanza kushangilia ubingwa nyumbani tangu 1987. Uwanja wa sasa ni mpya, ulifunguliwa 2014, lakini uko kwenye viwanja vilevile vya Mudeung.

Nilimsomea mzee yote haya jioni moja, kabla betri ya taa haijaisha. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba Chun bado aliupata utawala wake mpaka 1988, mpira haukumtoa. Ni kweli, nikamwambia, waliomtoa ni watu barabarani Juni 1987.

"Na hao watu," akauliza, "walijuana wapi?"

Sikuwa na jibu. Alikunja mkeka wake, na akiwa mlangoni akauliza tena, huo mchezo wa gongo wanacheza wangapi kila upande. Tisa, nikamjibu.

"Hapa mtaani tunao," akasema.