India: Ramani Iliyochorwa kwa Lugha

Hudaiwa mara nyingi katika semina zetu kwamba taifa haliungani bila lugha moja. Nami niliuimba wimbo huo mpaka nilipoisoma historia ya India.

Katiba ya mwaka 1950 ilikifanya Kihindi lugha rasmi ya Muungano. Kiingereza kingetumika kwa miaka 15 tu. Wasemaji wa Kitelugu wakadai jimbo lao. Nehru akasita, eti nchi itagawanyika. Desemba 1952 Potti Sriramulu alikufa kwa kugoma kula. Mwaka 1953 jimbo la Andhra likazaliwa, na mwaka 1956 majimbo yakapangwa upya, mengi kwa msingi wa lugha. Mwaka 1965 Watamili waliingia barabarani kukipinga Kihindi, na damu ikamwagika. Sheria ya mwaka 1967 ikakibakiza Kiingereza.

Je, India ilivunjika? Wapi! Kila jimbo hujichagulia lugha yake rasmi, na Jedwali la Nane la Katiba lina lugha 22.

Sisi wahakiki tusilione hili kuwa la wanasiasa tu. Lugha yenye shule na ofisi huzaa wasomaji, na mwandishi asiye na wasomaji anamwandikia nani?