Asili ya Neno "Lord"

Wasomaji wetu walio na Biblia ya Kiingereza hulikuta neno "Lord" mara nyingi, mahali ambapo Biblia yetu husema Bwana. Tena hulisikia katika mambo ya dunia: wakuu wa Uingereza huitwa "lord", na mwenye nyumba ya kupangisha huitwa "landlord". Wengi hudhani ya kuwa asili yake ni neno la enzi au la vita. Sivyo, asili yake ni mkate.

Waingereza wa kale waliuita mkate "hlaf", na mlinzi walimwita "weard". Wakayaunga maneno hayo, wakapata "hlafweard", yaani mlinzi wa mkate. Naye ndiye mkuu wa nyumba. Lakini ulimi haupendi kazi nyingi. Wakafupisha wakasema "hlaford", na kufika karne ya 14 neno limekwisha kuwa "lord". Mkewe aliitwa "hlaefdige", maana yake mkanda unga, na neno hilo ndilo lililogeuka kuwa "lady", ambalo leo hupewa hata bibi asiyegusa unga kamwe.

Alikuwako na wa tatu, "hlafaeta", maana yake mla mkate. Huyu ni mtumishi, mtu alishwaye katika nyumba ya mwingine. Twamkuta katika sheria za Aethelberht, mfalme wa Kent, yule aliyempokea Augustino na wenzake walipoleta Injili mwaka 597. Sheria hizo, za kale kuliko zote tulizo nazo kwa Kiingereza, zaagiza kwamba mtu akimwua mla mkate wa mtu huru, atalipa shilingi 6. Basi watu wa nyumba moja walitajwa kwa chakula kimoja: huyu aulinda, huyu aukanda, huyu aula. Kwa maoni yetu, jina la namna hiyo lilikuwa deni juu ya kichwa cha bwana, maana ghala ikiwa tupu, yeye ni mlinzi wa nini?

Wakristo wa kwanza wa nchi ile hawakulitumia sana kwa Mungu. Katika kufasiri Maandiko walipenda zaidi "Drihten", jina la kiongozi wa kikosi cha vita. Hata hivyo "Drihten" likafa katika Kiingereza, na "Lord" likashika mahali pake. Katika Biblia ya mwaka 1611 limechapwa kwa herufi kubwa kila mara, isipokuwa mahali pachache, palipo na lile Jina takatifu la Kiebrania. Hivyo neno la ghala lilidumu kuliko neno la vita, nasi twaona limefaa, kwa kuwa Sala aliyotufundisha Bwana ina ombi la chakula cha kila siku.

Mabwana wa dunia, wao waliiacha maana ya jina lao. Mwaka 1815 Bunge la Uingereza, lililojaa wenye mashamba makubwa, lilitunga sheria ya nafaka: ngano ya kigeni isiuzwe nchini mpaka bei ya ngano ya kwao ifike shilingi 80 kwa kipimo kiitwacho kwota. Wenye mashamba walipata faida, na maskini wa mijini wakanunua mkate kwa bei ya kuumiza. London palitokea ghasia. Sheria ilipunguzwa ukali mwaka 1828, lakini haikuondolewa. Hata mwaka 1845 viazi vikaoza mashambani Ireland, njaa ikaingia. Na mwaka 1846 waziri mkuu, Robert Peel, akapitisha sheria ya kuiondoa. Chama chake mwenyewe kikagawanyika kwa sababu hiyo, naye akaacha uwaziri mwaka ule ule. Yaani walinzi wa mkate waliufungia wenye njaa muda wa miaka 31!

"Hlaf" lenyewe lingaliko, nalo ni "loaf", yaani mkate mmoja mzima. Jina la mlinzi na jina la mkanda unga yangali na heshima kubwa. La mla mkate halisemwi tena na mtu ye yote.