Suluhu na Sauti ya Mke

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ndiyo sababu Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, mume na mke wanapofarakana, huagiza waamuzi wawili: mmoja wa jamaa za mume, mmoja wa jamaa za mke.

Katika Mwambao wetu mafunzo hayo yalijulikana, lakini mara nyingi kikao kilikuwa cha wanaume, na mke akausiwa kusubiri na kustahimili. Mlango uliombakia ni wa kadhi. Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar waliafikiana juu ya Mwambao, na mahakama za kadhi zikahifadhiwa. Susan Hirsch, mtafiti wa Kimarekani aliyehudhuria mahakama hizo Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, alionyesha katika kitabu chake cha 1998 jinsi wanawake walivyosimulia madhila yao mbele ya kadhi, na mara nyingi wakashinda. Aliyetakiwa kunyamaza nyumbani, hapo alisikilizwa.

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 159, huzitaka mahakama zihimize upatanisho na usuluhishi. Ni jambo jema: gharama hupungua, na udugu husalimika. Ila tuulize kila kikao: mke ana mtu wake? Amesema kwa kinywa chake? Aweza kukataa, kisha aende kwa kadhi? Pasipo hayo, iitwayo suluhu ni ile subira ya zamani iliyobadilishwa jina.